Je, Wajua? Kriminolojia, Kolwezi na Mkanda wa Shaba

Je, wajua kwamba kijana wa Kolwezi anayetaka kusomea uhalifu hahitaji kuvuka bahari? Kilomita zipatazo 300 za barabara zinamfikisha Lubumbashi, ambako Chuo Kikuu cha Lubumbashi, UNILU, kina Shule ya Kriminolojia. Kinshasa nako kuna nyingine, katika UNIKIN. Wahadhiri na vitabu atavikuta huko, lakini mada zenyewe za utafiti ameziacha mtaani kwao: Kasulo, Kapata, Musonoi, Musompo.

Je, wajua kwamba kriminolojia haifundishi kusaka alama za vidole? Kazi hiyo ni ya kriminalistiki, fani ambayo jaji mpelelezi wa Austria, Hans Gross, aliiandikia kitabu cha mwongozo mwaka 1893, na ambayo Edmond Locard aliipatia maabara ya polisi mjini Lyon mwaka 1910. Kriminolojia ina maswali yake. Kwa nini tendo hili linaitwa kosa na lile haliitwi? Nani anakamatwa na nani haguswi? Aliyeumizwa anabaki na nini faili likishafungwa? Mzazi anayelipa ada ni vizuri ajue hilo mapema, na mwanafunzi ajue zaidi.

Je, wajua kwamba kampasi kuu ya UNILU na gereza kuu la Lubumbashi vina jina moja? Vyote viwili vinaitwa Kasapa. Chuo kilianzishwa mwaka 1956, wakati wa Wabelgiji, kikamezwa na chuo kikuu cha taifa UNAZA mwaka 1971, kisha kikapata jina lake la sasa mwaka 1981. Gereza nalo lina historia ambayo mwanafunzi hapaswi kuikwepa. Mwishoni mwa Septemba 2020 wafungwa waliasi na kulishika gereza kwa siku tatu, na wafungwa wanawake wakabakwa mfululizo huku dola, iliyokuwa imewafungia humo, ikishindwa kuwafikia. Human Rights Watch iliandika ushahidi wao. Serikali inapomnyang'anya mtu uhuru wake, ulinzi wake wote unakuwa mikononi mwa serikali. Somo la magereza naona lingeanza na siku hizo tatu kabla ya nadharia yoyote.

Je, wajua kwamba elimu hii ilianza kwa kosa kubwa? Mwaka 1876 daktari Cesare Lombroso wa Torino, Italia, alidai kwamba mhalifu huzaliwa hivyo, na kwamba unaweza kumtambua kwa taya, masikio na umbo la fuvu. Miaka tisa baadaye hakimu Raffaele Garofalo akatoa kitabu kilichoipa fani jina lake. Mwaka 1913 Mwingereza Charles Goring alichapisha vipimo vya wafungwa wapatao 3,000 akivilinganisha na vya watu wa kawaida, na aina hiyo ya binadamu haikuonekana. Hata hivyo tabia ya kusoma uhalifu kwenye sura ya mtu haikufa. Kijana mwenye vumbi la machimbo hadi kwenye nyusi, akipita jioni na gunia, bado anahojiwa kwa jinsi alivyo kabla ya kuulizwa amefanya nini.

Na mwanafalaki aliyemtangulia Lombroso, je? Adolphe Quetelet, mzaliwa wa Ghent, Ubelgiji, alikuwa akipima nyota kabla ya kugeukia takwimu za mahakama za Ufaransa. Mwaka 1835 aliwaonyesha wasomaji wake jambo lililowashtua: idadi ya makosa hujirudia mwaka hadi mwaka karibu sawasawa, kana kwamba jamii ina bajeti ya uhalifu. Kama idadi haibadiliki ilhali wahalifu wanabadilika, basi sehemu ya chanzo iko nje ya mtu mmoja mmoja.

Katika Ubelgiji hiyohiyo ya Quetelet, Leuven ilipata shule ya kriminolojia mwaka 1929.

Je, wajua kwamba vyuo vya Kongo vimejenga njia yao wenyewe ya kusoma uhalifu? Mwaka 2008 kilitoka kitabu kuhusu kriminolojia na haki za binadamu nchini Kongo, kikiwa kimesimamiwa na Françoise Digneffe wa Ubelgiji pamoja na Kaumba Lufunda, mwanafalsafa aliyewahi kuwa mkuu wa UNILU. Mwaka 2011 Raoul Kienge-Kienge Intudi wa Kinshasa alichapisha utafiti wake kuhusu namna polisi wanavyowadhibiti vijana wa jiji hilo. Alitumia etnografia, yaani kukaa na watu, kuwatazama wakiwa kazini, kusikiliza na kuandika. Katika nchi ambayo kesi nyingi huishia kituoni bila kuacha karatasi, mtafiti anayesubiri takwimu rasmi atasubiri sana. Anayekaa kwenye benchi la kituo cha polisi kuanzia asubuhi hadi jioni ataona faini isiyo na risiti, simu inayopigwa kwa mkubwa, na mama aliyekuja na sahani ya chakula cha mwanawe.

Je, wajua kwamba, kwa mujibu wa kifungu cha 18 cha Katiba ya 2006, mtu hawezi kushikiliwa na polisi zaidi ya saa 48 bila kuachiwa au kufikishwa kwa mamlaka ya mahakama? Jifunze namba hiyo hata kama hutasoma chuo.

Sasa tuje kwenye ardhi yenyewe. Je, wajua kwamba huko Kolwezi mtu anaweza kuwa mkosaji kwa kuchimba chini ya kitanda chake mwenyewe? Tangu Sheria ya Bakajika ya Juni 1966, mali iliyo ndani ya ardhi ya Kongo ni ya serikali. Kiwanja unaweza kuwa na hati yake, ila jiwe lililo chini yake si lako. Mwaka 2014, katika mtaa wa Kasulo, mkazi mmoja alichimba uani kwake akakutana na heterojeniti, lile jiwe jeusi lenye kobalti. Habari ikaenea. Mashimo yakafunguliwa uani, jikoni, hadi vyumbani, na njia za chini zikapita chini ya nyumba za jirani na chini ya barabara. Mwaka 2017 sehemu ya mtaa ikapewa kampuni ya Congo Dongfang Mining, tawi la Huayou Cobalt ya China. Mamia ya familia zikahamishwa kwa malipo, ukuta ukajengwa, na kazi ileile ya koleo na kamba ikaendelea ndani ya ukuta, mnunuzi akiwa mmoja. Tendo halikubadilika hata kidogo. Kilichobadilika ni uzio na karatasi. Mwanafunzi akishaelewa Kasulo, ameelewa nusu ya mwaka wa kwanza.

Sheria ya migodi ya mwaka 2002, iliyorekebishwa Machi 2018, inaruhusu uchimbaji wa mikono katika maeneo maalumu tu, kwa Mkongomani mtu mzima mwenye kadi, na tangu marekebisho hayo ni lazima awe ndani ya ushirika. Mahali pazuri pa madini, hata hivyo, pamekwisha kugawiwa kampuni kubwa. Kwa hiyo wachimbaji wengi, hao ambao Kolwezi yote inawaita creuseurs, wanafanya kazi upande usiofaa wa mstari uliochorwa kwenye ramani ambayo hawajawahi kuonyeshwa.

Je, wajua wachimbaji hao walitoka wapi? Wengi ni watoto na wajukuu wa wafanyakazi wa Gécamines, kampuni ya madini ya serikali. Kampuni hiyo, mrithi wa Union Minière iliyoanzishwa mwaka 1906, ilizalisha karibu tani 476,000 za shaba mwaka 1986. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 uzalishaji ulikuwa umeshuka chini ya tani 20,000. Mishahara ikakatika. Kuanzia mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliondolewa kwa mpango ulioitwa wa kuondoka kwa hiari, ukisaidiwa na Benki ya Dunia. Hospitali, shule, unga wa kila mwezi, vyote vilikuwa vimeshikamana na kampuni. Mwaka 1938 Robert Merton wa Marekani aliandika kwamba jamii ikimwonyesha kila mtu lengo moja la maisha na kuwafungia wengi njia halali ya kulifikia, watazuka watu wanaotafuta njia nyingine. Merton hakuijua Kapata. Mjukuu wa fundi wa kiwanda cha Luilu anayeruka uzio usiku kuingia mgodi ambao babu yake aliufanyia kazi miaka 30 angemfundisha jambo moja zaidi: yeye haoni kwamba anaiba. Anaona anarudi kwenye urithi wa familia. Mahakama haina kisanduku cha kuandikia hisia hiyo, ila mtafiti lazima aiandike.

Je, wajua kwamba Howard Becker alichapisha mwaka 1963 kitabu kilichodai kwamba mkosaji ni yule ambaye amebandikwa lebo hiyo kikamilifu? Kijana akishaitwa mwizi na walinzi, na redio, na jirani, milango ya kazi halali inafungwa mmoja baada ya mwingine.

Kinshasa wanaijua lebo ya aina hiyo: kuluna, jina la vijana wa magenge ya mitaani. Mnamo Novemba 2013 polisi walianzisha Operesheni Likofi dhidi ya vijana waliopewa jina hilo, na Human Rights Watch ikaeleza baadaye kwamba angalau vijana 51 waliuawa, wengine wakichukuliwa nyumbani kwao bila hati yoyote. Mwaka 2024 serikali ikaondoa zuio la kutekeleza hukumu ya kifo lililodumu tangu 2003, na kuluna wakawa miongoni mwa waliotajwa. Napinga hatua hiyo waziwazi. Nchi ambayo gereza lake la Makala lilijengwa kwa watu 1,500 na likafikia kujaza zaidi ya 10,000, wengi wao wakisubiri tu kesi, haina uhakika wa kutosha juu ya nani ni nani hata imwue mtu. Usiku wa kuamkia tarehe 2 Septemba 2024, jaribio la kutoroka Makala liliacha maiti 129 kwa hesabu ya serikali yenyewe, wengi kwa kukosa hewa katika msongamano.

Je, wajua kwamba kuna uhalifu ambao kwa miaka mingi wanakriminolojia hawakuutazama kabisa? Mwaka 1939, mjini Philadelphia, Edwin Sutherland aliwaambia wenzake kwamba wanasoma wezi wa mifukoni na kuwaacha wakurugenzi. Akachunguza kampuni kubwa 70 za Marekani na kuandika kitabu, kikatoka 1949, lakini mchapishaji aliogopa kushtakiwa na kumlazimisha aondoe majina ya kampuni. Toleo lenye majina lilikuja kuonekana mwaka 1983, Sutherland akiwa amefariki miaka 33 iliyotangulia.

Lualaba, jimbo la Kolwezi, ingempa Sutherland sura nzima. Septemba 2016 mfuko wa uwekezaji wa Och-Ziff wa New York ulikubali kulipa dola milioni 412 kumaliza mashtaka ya rushwa barani Afrika, na kampuni yake tanzu ikakiri kosa lililohusu maafisa wa Kongo. Desemba 2017 Wizara ya Fedha ya Marekani ilimwekea vikwazo mfanyabiashara Dan Gertler, ikisema kwamba kati ya 2010 na 2012 Kongo ilipoteza zaidi ya dola bilioni 1.36 kwa mali za migodi kuuzwa chini ya thamani kwa kampuni zinazohusishwa naye. Yeye amekana kufanya kosa. Mei 2022 kampuni ya madini ya Glencore ilikiri huko Marekani njama ya kuhonga maafisa wa nchi kadhaa, Kongo ikiwemo, na Desemba mwaka huohuo ikakubali kuilipa Kongo dola milioni 180. Agosti 2024 mwendesha mashtaka mkuu wa Uswisi aliitoza kampuni hiyo faini ya faranga milioni 2 na kudai dola milioni 150, kwa kushindwa kuzuia mshirika wake wa biashara kumhonga ofisa wa Kongo mwaka 2011. Biashara yenyewe ilikuwa hisa za Gécamines katika Mutanda na Kansuki, na migodi hiyo haiko mbali na Kolwezi. Glencore haikukiri matokeo hayo, ila ilikubali kutokata rufaa.

Angalia majina ya mahali pa kesi: New York, Washington, Bern. Kijana aliyekamatwa na gunia la mawe anahukumiwa Kolwezi ndani ya wiki chache, pengine bila wakili. Gunia linaonekana, mkataba hauonekani. Ndiyo maana nataka wanafunzi wa kwetu wasome uhasibu pamoja na sheria ya jinai; bila kujua kusoma mizania ya kampuni, mtu atabaki kusoma uhalifu wa maskini tu.

Je, wajua kipimo kinachoitwa Metorex? Nenda Musompo, soko la madini nje kidogo ya mji. Kila depo ina mizani, bango la bei na kifaa chenye umbo la bastola. Mchimbaji anamwaga sampuli, mnunuzi anaisaga, anaielekezea kifaa, na namba inatokea: asilimia ya kobalti. Bango limeandikwa kwa mkono, asilimia 1, 2, 3 na kuendelea, na bei mbele ya kila moja. Kazi ya siku nzima shimoni, ya watu watano au sita, inategemea tarakimu hiyo, na aliyeshika kifaa ndiye anayenunua. Malalamiko kwamba kipimo kinasoma chini, na kwamba mizani inapunguza, ni ya miaka mingi. Mchimbaji hana kifaa chake cha kulinganisha. Pointi moja ikifichwa kwenye kila gunia, huenda ni mali nyingi kuliko yote yanayobebwa usiku juu ya ua, na hakuna polisi anayeiandikia ripoti. Wanakriminolojia wana jina la makosa yasiyofika kwenye daftari lolote: namba nyeusi. Sijui mada bora zaidi ya tasnifu kwa mtu mwenye subira, daftari na kipimo cha pili cha kuazima.

Je, wajua kwamba mtoto anayeosha madini hatazamwi na sheria kama mkosaji? Sheria ya ulinzi wa mtoto ya tarehe 10 Januari 2009 inasema aliye chini ya miaka 14 hawezi kamwe kuhesabiwa hatia ya jinai. Mwenye miaka 14 hadi 18 anapelekwa mahakama ya watoto. UNICEF ilikadiria mwaka 2014 kwamba watoto wapatao 40,000 walikuwa wakifanya kazi migodini kusini mwa Kongo. Amnesty International na shirika la Kikongo la Afrewatch walipotoa ripoti yao kuhusu kobalti ya betri za simu Januari 2016, dunia ikatazama simu zake kwa muda. Desemba 2019 familia za watoto waliokufa au kulemazwa zikazishtaki Apple, Google, Dell, Microsoft na Tesla mjini Washington. Kesi ilitupwa mwaka 2021, na mahakama ya rufaa ikakubaliana na uamuzi huo Machi 2024, ikiona kwamba kununua kobalti katika mnyororo mrefu hivyo hakutoshi kuitwa kushiriki.

Na waathirika? Sehemu ya kriminolojia inayowasoma ilipata nguvu miaka ya 1940, kwa kazi za Hans von Hentig na Benjamin Mendelsohn. Tarehe 27 Juni 2019 ukuta wa ardhi uliporomoka kwenye mgodi wa KOV, katika eneo la Kamoto Copper Company, tawi la Glencore. Serikali ya jimbo ilihesabu waliokufa 43. Kampuni ilisema watu wapatao 2,000 huingia kwenye maeneo yake kila siku bila ruhusa, na siku chache baadaye wanajeshi wakapelekwa. Katika maelezo rasmi wafu walikuwa wavamizi. Kwa mke aliyebaki Kapata na watoto, neno hilo halilipi kodi ya nyumba wala ada. Mtu anaweza kuwa amevunja sheria na wakati huohuo akawa mwathirika; wanafunzi wazuri hujifunza kushika mambo hayo mawili pamoja bila kudondosha mojawapo.

Afrika Mashariki ina wakubwa wake katika fani hii. Mganda Tibamanya mwene Mushanga alichapisha utafiti wa mauaji nchini Uganda mwaka 1974, na Kampala ndiko Marshall Clinard na Daniel Abbott walikofanyia utafiti wa kitabu chao cha 1973 kuhusu uhalifu katika nchi zinazoendelea. Kenya ilitunga sheria ya kituo cha taifa cha utafiti wa uhalifu mwaka 1997. Kongo bado inastahili chake.

Je, wajua kwamba tangu mwaka 2000 kuna kanuni za hiari za kimataifa zinazoziambia kampuni za madini namna ya kutumia walinzi na polisi bila kukanyaga haki za watu? Zinahitaji mtu wa kuzifuatilia. Huko ndiko baadhi ya wahitimu wanaweza kufanya kazi, sawa na magerezani, katika mahakama za watoto na katika mashirika ya haki za binadamu.

La mwisho. Tarehe 22 Februari 2025 Kongo ilisimamisha uuzaji wa kobalti nje ili kuinua bei, na tangu tarehe 16 Oktoba 2025 kuna mgao: tani 96,600 kwa mwaka mzima wa 2026, na nyingine kama hizo 2027. Bidhaa ikipanda bei na mlango wake ukabanwa, magendo huzaliwa. Ilikuwa hivyo kwa pembe za ndovu na kwa karafuu za Zanzibar. Anayeingia mwaka wa kwanza sasa, katika mfumo wa LMD (licence, master, doctorat) wenye licence ya miaka mitatu, ana nafasi ambayo watafiti huipata mara chache: kuanza kuandika kabla tatizo halijakomaa. Bei kwenye mabango ya Musompo kila wiki, malori yanayoelekea mpakani Kasumbalesa, idadi ya wanaokamatwa na madini, na wanaoachiwa. Daftari la kurasa mia linatosha kuanzia.